Plagi ya Moto, Plagi ya Baridi
(Tuijue Mashine ya Boti: Sehemu ya 3)

Ami yangu anakaa Al Kamil, boti yake inakaa Al Ashkharah. Kila kusi inapochafua bahari ya upande ule, mashine huvuliwa, hupakiwa kwenye pikapu na kuletwa nyumbani, ikasimamishwa kwenye magogo chini ya mghafu wa uani. Uvuvi wa nguru Oman hufungwa tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba, na siku za mwisho za kufunga huko ndipo wenye boti wanapokumbuka plagi.

Mwaka mmoja alirudi kutoka Sur na plagi mbili mpya za NGK zilizoandikwa B8HS-10. Kitabu cha mashine kinasema B7HS-10. Nilipomuuliza, akanijibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kulipima jambo lake: "Mwanangu, namba ikizidi, plagi inazidi ubaridi. Na wewe huoni joto la nchi hii?"

Kuhusu namba alisema kweli. Kuhusu nchi, hapana.

Geuza plagi uitazame kwa chini. Katikati ya chuma kuna pua ya kauri nyeupe. Pua ikiwa ndefu, joto la mlipuko lina safari ndefu mpaka kulifikia ganda la chuma na hedi, kwa hiyo ncha hukaa na moto wake: hiyo ndiyo plagi ya moto. Pua ikiwa fupi, joto hutoka upesi, na plagi huitwa ya baridi. Cheche ni ile ile. Kinachotakiwa ni ncha ifike kiasi cha nyuzi 500 za selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini isivuke 800 na ushei, maana hapo itaanza kuwasha petroli kabla cheche haijapigwa. Sasa jua la Al Kamil, hata likifika nyuzi 45, ni kitu gani mbele ya moto huo? Tena mashine yenyewe inapozwa kwa maji ya bahari.

Maandishi yale yana maana, herufi kwa herufi. B ni unene wa nyuzi za kufungia, milimita 14. H ni urefu wa sehemu yenye nyuzi, milimita 12.7. Penye H pakiwa na E, urefu ni milimita 19, na hapo usifanye mchezo: plagi ndefu kwenye hedi ya plagi fupi inaweza kugongwa na pistoni mara ya kwanza unapovuta kamba. Ile 10 ya mwisho ni pengo la cheche, milimita moja kamili. Ukiona R katikati, plagi ina kizuizi cha kupunguza kelele za umeme. Kama kitabu kinaitaka R, usiiache, hasa ukiwa na redio na kifaa cha kutafutia samaki.

Balaa liko kwenye kubadilisha chapa. Kwa NGK na Denso, namba inayopanda ni ubaridi unaopanda. 7 ya NGK inalingana na 22 ya Denso, na 8 na 24. Kwa Champion na Bosch mambo yamepinduka: namba kubwa ni moto. L78C ya Champion ni baridi kuliko L82C. Muuzaji anayekwambia "hii imezidi kidogo tu, chukua" huenda amekupeleka kinyume kabisa, na hana habari.

Kwa ami, ile 8 ilileta taabu hasa kwa namna anavyovua. Mshipi wa nguru huburuzwa, mashine ikizunguka polepole saa nzima. Mashine yake ni ya kuchanganya oili, lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili, na plagi ya baridi kwa mwendo huo haipati moto wa kujisafisha. Ikarudi nyeusi, imelowa, na mashine ikawa inazimika kila akipunguza. Watu wa ufukweni wakamshauri arukie 6. Hilo nililikataa zaidi kuliko ile 8. Plagi iliyolowa itakulazimisha kupiga kasia. Plagi ya moto kupita kiasi, boti ikirudi imejaa na mashine imefunguliwa yote, hutoboa pistoni.

Tukafunga 7: kwa mkono mpaka ikakaa, kisha spana nusu mzunguko. Tukaiwasha ndani ya pipa la maji pale uani. Ami akataka kuichomoa papo hapo aone rangi. Lakini rangi ya kwenye pipa haisemi kitu, kwa kuwa humo mashine haibebi mzigo. Tulingoja mpaka Al Ashkharah. Tukaikimbiza dakika kadhaa kwa nguvu zote, tukaizima pale pale bila kuipunguza, tukaachwa tunayumba juu ya mawimbi huku yeye akihangaika na spana na kitambaa, maana plagi ilikuwa inaunguza. Kauri haikuwa nyeusi, wala nyeupe ya kuungua, wala haikuwa na vitone vya kung'aa vya pistoni inayoyeyuka. Ilikuwa na rangi ya hudhurungi nyepesi, kama kahawa ya Kiomani ndani ya finjani. Aliigeuza mara mbili juani, akairudisha mahali pake, kisha akaniuliza zile 8 mbili atamuuzia nani.