Ada Imelipwa, Sasa Maktaba: Kuwasaidia Wanafunzi Wapya wa Uuguzi



Kamati zinazowasomesha vijana wa uuguzi hutuuliza: tukishalipa ada, malazi na sare, kipi kingine kinahitajika? Wengine huuliza kama tunapokea vitabu vya utabibu vilivyokwisha kutumika. Tunayajibu maswali haya mawili kwa pamoja, maana yote yanatufikisha katika maktaba ya chuo kikuu.

Wengi wa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wametoka shule ambazo maktaba ni kabati moja lenye kufuli, na ufunguo anao mwalimu. Wamezoea kunakili ubaoni. Wakifika chuoni wanakuta rafu kwa rafu, kompyuta, na watu walionyamaza kimya. Kumwuliza mkutubi wanaona haya, wasije wakaonekana washamba. Basi hutegemea vivuli vya maelezo ya waliowatangulia, ambavyo wenyewe huviita madesa. Desa lina faida yake siku ya mtihani, hatukatai. Lakini halisemi limetoka kitabu gani wala cha mwaka gani, na katika uuguzi mwaka si jambo dogo.

Tuchukue mfano wa kifafa cha mimba, kinachoua akina mama hata leo. Kitabu kilichochapwa mwaka 1985 kinaweza kumwelekeza mkunga atumie diazepamu kuzuia degedege hilo. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa. Ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti huzuia degedege lisirudi, tena vizuri zaidi kuliko diazepamu au fenitoini. Mwaka 2002 jarida hilo hilo lilitoa utafiti mwingine wa wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33: dawa hiyo ilipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kifafa kwa mama mwenye dalili zinazokitangulia, yaani shinikizo la damu la mimba pamoja na protini katika mkojo. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Kitabu cha mwaka 1985 bado kitamfundisha mwanafunzi mifupa na misuli bila tatizo. Kwa kifafa cha mimba kitampoteza.

Kwa hiyo somo la kwanza tunalopenda mwanafunzi alipate ni kufungua kitabu, kutazama nyuma ya ukurasa wa jina, na kusoma mwaka na toleo. Ni kazi ya nusu dakika.

Ugumu unaofuata ni wa maneno, na huu ndio unaowakwamisha wengi. Mwanafunzi analijua tatizo kwa Kiswahili tangu nyumbani, lakini katalogi na majarida ya chuo ni ya Kiingereza. Akitafsiri "kifafa" moja kwa moja ataandika epilepsy, na kompyuta itamletea mamia ya makala za ugonjwa mwingine kabisa. Neno linalotakiwa ni eclampsia. Tunawashauri wawe na daftari dogo: upande mmoja jina tunalolitumia nyumbani, upande wa pili jina la kitaalamu. Kila wiki linaongezeka.

Namba za rafu ni rahisi zaidi. Maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey huweka uuguzi kwenye 610.73 na uzazi kwenye 618.2. Zile zinazofuata mpangilio wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani hutumia herufi: WY ni uuguzi, WQ ni uzazi. Anayejua hivyo huenda rafuni moja kwa moja.

Kisha kuna yale yasiyokaa rafuni. PubMed iko wazi kwa kila mtu tangu mwaka 1997, ila mara nyingi huonyesha muhtasari tu. Mwanafunzi akibonyeza makala hukutana na ukurasa unaodai dola, akakata tamaa, kumbe huenda makala hiyo inasomeka bure kupitia chuo chake. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha Hinari, ambayo sasa ni sehemu ya Research4Life. Vyuo vilivyosajiliwa katika nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwemo, husoma maelfu ya majarida bila malipo. Anayejua namna ya kuingia ni mkutubi. Ndiyo maana tunasema kumwogopa mkutubi ni hasara.

Sasa kwenu. Hitaji kubwa ni mtu wa kukaa na hawa vijana mwezi wa kwanza, kabla madesa hayajawa mazoea. Tunapendekeza kila kamati yenye mwanafunzi mpya iombe chuo kimpangie mkutubi alasiri mbili, pamoja na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa kundi dogo. Wapewe swali halisi la wodini, walitafutie jibu rafuni na kwenye kompyuta, na waseme limetoka wapi na mwaka gani. Ziara ya kuonyeshwa milango na madawati haitoshi. Fedha kidogo za bando zisaidie wale wanaosomea hosteli.

Kuhusu vitabu, tunajua ni vigumu kukataa zawadi, na kusafirisha kontena ni ghali. Kabla ya kufunga sanduku lolote, tafadhali tutumieni kwanza orodha yenye jina la kitabu, toleo na mwaka wa kuchapwa. Tutaipeleka kwa mkutubi wa chuo, naye atachagua. Vya dawa, ukunga na magonjwa ya kuambukiza viwe vya toleo la karibuni. Vya anatomia hata vikiwa na umri vinapokelewa, mradi kurasa zote zimo.