Utengenezaji wa randa ya mbao
Randa ya mbao ni kifaa cha seremala chenye mwili wa mbao, kisu cha chuma na kabari inayokibana. Hutumika kusawazisha na kulainisha mbao. Seremala anaweza kujitengenezea, ingawa vitabu vinavyojulikana zaidi ni vya Kiingereza. John M. Whelan (1996) alieleza njia za kale. Kwa anayeanza, rahisi zaidi ni njia ya James Krenov (1920–2009), iliyofafanuliwa na mwanafunzi wake David Finck: kipande cha mbao hupasuliwa kwa msumeno, kitako cha kisu hukatwa kwa digrii 45 hivi, kisha sehemu huunganishwa tena kwa gundi.

Mwongozo mzuri hueleza kwa kina mdomo wa randa, yaani uwazi ambamo kisu hutokeza. Ukiwa mpana mno, mbao hunyofoka badala ya kukatwa.

Vitabu hivyo hupendekeza zaidi miti ya ng'ambo. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mgrivea wa vihambani hupatikana kwa urahisi lakini ni laini kwa kazi hii. Mninga mkavu, ambao haujipindi ovyo, unafaa zaidi. Moshi pia kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI), kinachofundisha kazi za mbao.