Wimbo wa Krismasi una mwenyewe

Kila ikaribiapo Krismasi, walimu wa kwaya huniuliza jambo lile lile: "Wimbo ni wa kale, tumeurekodi kwa mtindo wetu, mbona YouTube imetuletea dai la hakimiliki?" Wanaouliza ni watu wanaosoma noti na kupanga sauti nne bila shida. Kinachowaponza ni imani moja: kwamba nyimbo za Krismasi ni mali ya kanisa, kwa hiyo hazina mwenyewe.

Imani hiyo si kweli. Katika wimbo mmoja mna kazi za watu kadhaa: muziki, maneno, tafsiri, mpangilio wa sauti na ala, na rekodi yenyewe. Kila kazi ina hesabu yake ya miaka. Sheria za Tanzania na Kenya hulinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza ni miaka 70. Umri wa muziki hauwaambii chochote kuhusu umri wa mpangilio.

Chukueni Stille Nacht. Joseph Mohr aliandika maneno mwaka 1816, na Franz Xaver Gruber akatunga muziki Oberndorf, Austria, mwaka 1818. Gruber alifariki mwaka 1863. Kazi hizo ni huru kabisa. Lakini nakala ya sauti nne mliyoitoa intaneti huenda imepangwa na mtu aliye hai, na tafsiri ya Kiswahili nayo ina mfasiri wake.

Carol of the Bells inanasa wengi zaidi. Mykola Leontovych wa Ukraine, mtunzi wa muziki, alikufa mwaka 1921, hivyo muziki hauna kizuizi. Maneno ya Kiingereza ni ya Peter Wilhousky, ya mwaka 1936, na yeye alifariki mwaka 1978, kwa hiyo bado yanalindwa. The Little Drummer Boy ni wa Katherine Davis, aliyeutunga mwaka 1941 na kufariki mwaka 1980. Tanzania na Kenya bado unalindwa. Na ile sauti inayopaa juu ya soprano katika O Come, All Ye Faithful, ambayo kwaya nyingi huidhani ni ya tangu zamani? Ni ya David Willcocks, ilichapishwa mwaka 1961, naye alifariki mwaka 2015.

Halafu kuna dawa ya mitaani: badilisheni asilimia 30 ya wimbo, au ongezeni kasi, au pandisheni ufunguo, nao unakuwa wenu. Hakuna kifungu cha sheria kinachosema hivyo. Kubadilisha kazi inayolindwa ni haki ya mwenye kazi. Anayeibadilisha bila ruhusa hajapunguza kosa. Hilo lenyewe ndilo kosa. Naomba ushauri huu usirudiwe tena kwenye semina za kwaya.

La kufanya ni hili. Chagueni muziki ambao mtunzi wake alikufa zamani. Tafsirini upya kutoka lugha ya asili, si kutoka tafsiri ya mwingine. Pangeni sauti wenyewe, mkianzia kwenye muziki wa asili na si kwenye rekodi mliyoipenda. Kama wimbo unalindwa, ombeni leseni kabla ya kuingia studio. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, zitawaelekeza pa kuanzia. Andikianeni mkataba na mpangaji, wapiga ala na studio. Tunzeni nakala zenye tarehe. Dai likija kimakosa kwa wimbo ulio huru, lipingeni kwa nakala hizo.

Anayeumia zaidi kwa imani ile ya mwanzoni ni mwalimu wa kwaya mwenyewe. Mpangilio wake mpya wa wimbo huru ni kazi yake, na unalindwa tangu siku alipouandika, hata kabla ya kusajiliwa. Tukiendelea kuimba kwamba nyimbo za Krismasi hazina mwenyewe, kwaya jirani itaurekodi bila kumtaja, nasi tutakuwa tumeifundisha. Andikeni jina la mpangaji kwenye kila nakala, na mlipeni.