Kufundisha Jinsi Mashine Itambuavyo Mahali Ilipo

Lengo la makala haya ni kuwasaidia walimu wanafunzi kufundisha jambo ambalo aghalabu hukwepwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi: jinsi mashine iwezavyo kujua imefika wapi. Mtoto akiuliza lifti inajuaje kuwa imefika ghorofa ya tatu, wengi wetu hujibu kwamba ndani yake mna kompyuta. Jibu hilo si uwongo, lakini halifundishi kitu.

Sisi wenyewe tulikosea hapo. Tulipolifundisha somo hili mara ya kwanza, tuliandika maana ubaoni, wanafunzi wakaikariri vizuri. Kisha msichana mmoja akauliza: "Na gurudumu likirudi nyuma?" Hatukuwa na jibu, tukamwambia aketi. Swali lake ndilo lililokuwa kiini cha somo, nasi tulilizima.

Chombo chenyewe huitwa enkoda. Ziko enkoda za mzunguko, zipimazo mgeuko wa mhimili, na ziko za mstari, zipimazo mwendo ulionyooka. Katika aina moja itumikayo sana, kisahani chenye tundu nyembamba huzunguka kati ya taa na kipokea nuru. Kila tundu lipitapo, nuru hupenya na pigo moja la umeme hutokea. Kisahani kikiwa na tundu 360, kila pigo ni nyuzi 1. Kikiwa na tundu 1,000 na kikizungusha parafujo isogezayo meza ya mashine milimita 5 kwa kila mzunguko, basi kila pigo ni milimita 0.005. Hapo hesabu za mgawanyo hupata kazi ya kweli.

Tunashauri somo lifuate hatua hizi.

Kwanza, kata kisahani cha boksi chenye tundu 12, utumie tochi. Mwanafunzi mmoja akizungushe, mwingine ahesabu mianga. Kila mwanga ni nyuzi 30.

Pili, kisahani kirudishwe nyuma bila kutangaza. Mhesabu ataendelea kujumlisha, naye atakosea. Waache wanafunzi wenyewe wagundue kosa hilo. Ndipo uongeze duara la pili la tundu, lililosogezwa robo ya umbali uliopo kutoka tundu moja hadi jingine. Kikizungushwa kulia, duara la kwanza hutangulia kuwaka. Kushoto, la pili hutangulia. Mashine hujua upande kwa kutazama lipi limetangulia.

Tatu, mwambie mhesabu atoke nje, kana kwamba umeme umekatika, nacho kisahani kisogezwe. Arudipo hawezi kujua kiko wapi. Kwa sababu hiyo ipo enkoda ya namna nyingine, ambayo kila mahali pana alama yake ya 0 na 1. Tarakimu 4 hutambulisha mahali 16. Tarakimu 10, mahali 1,024.

Nne, panga watoto wanne mstari mmoja: achuchumaaye ni 0, asimamaye ni 1. Saba ni 0111, nane ni 1000. Waamuru watoke saba kwenda nane. Wote wanne hawana budi kubadilika. Yule wa kwanza akisimama kabla ya wenzake kuchuchumaa, darasa litasoma 1111, yaani 15. Mashine nayo yaweza kusoma hivyo, ikapeleka chombo mahali pasipofaa. Frank Gray, wa maabara za Bell huko Marekani, alipata hataza mwaka 1953 ya mpango ambao kila hatua hubadilisha tarakimu moja tu. Humo saba ni 0100 na nane ni 1100: mtoto mmoja husimama, wengine hawajongei. Mpango huo hutumika hata leo.

Mwisho, habari hiyo sharti ifike kwa msimamizi aliye mbali. Viwandani kipeleka-ishara hugeuza mahali kuwa mkondo wa umeme, mara nyingi kuanzia miliampea 4 hadi 20. Chukua lango la bwawa lipandalo mita 2. Likifungwa, ishara ni 4. Likipanda nusu mita, ni 8. Mita moja, 12. Likifika juu, 20. Wanafunzi watauliza kwa nini isianzie 0. Usiwajibu upesi. Waulize msimamizi angefahamuje kama waya umekatika. Kwa kuwa sifuri ya kipimo imepewa miliampea 4, mkondo ukiwa 0 maana yake si kwamba lango limefungwa, bali kwamba habari haifiki. Asiyetofautisha mambo hayo mawili aweza kudhani lango limefungwa kumbe maji yanapita.

Sisi walimu nasi yatupasa kutofautisha. Mtoto aliyejibu akakosa ametupa habari. Mtoto aliyenyamaza hajatupa habari yoyote, wala si haki kumwandikia kuwa hajui. Huenda njia kati yake nasi ndiyo iliyokatika, na huenda tuliikata wenyewe siku tulipomwambia aketi.