Mwalimu wa Awali, Mtetezi wa Mtoto

Mwalimu wa elimu ya awali hukaa na mtoto saa kadhaa kila siku ya shule, katika umri ambao mtoto mwenyewe bado hajui kueleza yanayomsibu. Ndiyo maana kazi yake haiishii kwenye irabu na tarakimu: humpasa pia kumsemea mtoto na familia yake.

Utetezi huanzia darasani. Mtoto mchangamfu ameanza kujitenga; mwingine husinzia kila asubuhi kwa njaa; mwingine hugeuza sikio lilelile kila anapoitwa. Mwalimu makini huandika alichokiona na tarehe yake, kisha humwita mzazi na kuzungumza naye faraghani. Mama anayedamka alfajiri kwenda kuuza samaki hasaidiwi na karipio. Husaidiwa akielezwa utaratibu wa uji wa shuleni, au mahali pa kumpeleka mtoto akapimwe masikio.

Yapo mambo yasiyomalizwa kwa mazungumzo. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, humtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Mwalimu anapoona alama za kipigo au dalili za ukatili, hafanyi upelelezi wala hamhoji mtoto mbele ya wenzake. Humfikishia taarifa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ipo pia namba ya simu ya bure ya kutolea taarifa hizo, 116. Habari hizo hubaki siri kwa wasiohusika.

Baada ya darasa na vyombo vya ulinzi, ngazi ya tatu ya utetezi ni maamuzi ya umma. Mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayounganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Utekelezaji wake huhitaji ushahidi kutoka darasani. Kwenye kikao cha kamati ya shule, mwalimu anayetaja idadi ya wanafunzi wanaokaa sakafuni, au wanaoogopa tundu la choo lililochimbwa kwa kipimo cha watu wazima, huwapa wajumbe hoja ya kupeleka kwa diwani na halmashauri. Hoja hiyo hupata nguvu zaidi wazazi wanapoisema pamoja naye.