"Njano au Kijani?": Stori za Waustralia

Niko huku Perth, magharibi ya Australia, ambako jua linazama baharini. Ndiyo, linazama! Sisi wa Dar tumezoea kuliona likichomoza kwenye Bahari ya Hindi. Bahari ni hiyohiyo, ila wenzetu wako ng'ambo ya pili, basi jioni linatumbukia humo mzimamzima. Siku ya kwanza nilipoliona pale ufukwe wa Cottesloe nilikaa kimya nikipiga hesabu: huku saa kumi na mbili jioni, nyumbani saa saba mchana, Mama anapakua.

Nilikuja kusoma kozi ya upishi, na jioni naosha masufuria kwenye mgahawa mmoja. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, kwa hiyo nafasi ya kuwachunguza wenyeji ninayo. Na hawa jamaa kwa kuongelea vitu vidogovidogo, we acha tu.

Siku ya kwanza kazini mpishi alinitupia, "Hau ya goin?" Mimi na Kiingereza changu cha fomu foo nikajibu, "By bus." Jikoni walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini. Kumbe ile ni salamu! Jibu lake ni "si mbaya". Mtu kashinda bahati nasibu, si mbaya. Kavunjika mguu, si mbaya. Halafu wana hili la "yeah, nah", yaani ndiyo na hapana kwa mkupuo mmoja, na maana yake ni hapana. Nilikaa mwezi mzima bila kujua nani kanikubalia na nani kanitosa.

Kwenye basi, abiria akishuka anamshukuru dereva. Kila abiria! Hebu jaribu hiyo daladala ya Mbagala uone konda atakavyokutazama.

Sasa njoo kwenye soseji. Kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, Bunnings, yalianzia hapahapa Perth mwaka 1886. Wikiendi vikundi vya kujitolea vinachoma soseji pale nje, inawekwa kwenye slesi ya mkate na vitunguu juu, wanachangisha hela. Mwaka 2018 kampuni ikasema vitunguu viwekwe chini ya soseji, visije vikadondoka mtu akateleza. Bwana wee! Nchi nzima ilibishana, mpaka waziri mkuu wa wakati huo, Scott Morrison, akaulizwa msimamo wake. Hata uchaguzi, ambao kupiga kura ni lazima tangu 1924, una soseji zake vituoni. Wanaziita soseji za demokrasia, na mwaka 2016 jina hilo lilichaguliwa kuwa neno la mwaka.

Ndege je? Kuna mmoja mweusi na mweupe kama kunguru wa kwetu, Septemba akiwa na makinda anakushukia kichwani kama mshale. Waendesha baiskeli wanachomeka vijiti vya plastiki kwenye helmeti, wanaonekana kama nungunungu. Na hiyo ni stori ya wiki nzima kazini.

Lakini kiboko ni mapipa ya taka. Mtaani kwetu kila nyumba ina matatu. La kifuniko chekundu, la njano la chupa na karatasi, na la kijani la majani. Kila Ijumaa gari linapita, ila rangi zinapishana wiki kwa wiki. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, kila Alhamisi jioni ananiuliza juu ya uzio, "Njano au kijani?" Huku hata mzee unamwita jina lake kavu. Mimi nikashindwa, nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, akafurahi ile mbaya. Lakini moyoni nilikuwa nasema huyu babu kazeeka vibaya, kila wiki swali hilohilo.

Julai 2024 bibi yangu aliyenilea alifariki Tanga. Nauli sikuwa nayo. Walimzika kesho yake saa kumi alasiri. Huku ilikuwa saa tatu usiku, nimeshika sufuria lenye ukoko. Mpishi akanitupia ile ya "Hau ya goin?" nikajibu, "Si mbaya."

Hawa watu wana siku maalumu, tangu 2009, ya kuulizana kama mtu yuko sawa. Niliwahi kuicheka. Nyumbani tunaulizana hivyo kila asubuhi mpaka kuku wa jirani.

Siku tatu sikutoka ndani. Mvua na baridi. Ijumaa alfajiri nikasikia magurudumu. Nachungulia, Mzee analikokota pipa langu barabarani. Akaja akagonga.

"Pipa lako halikutoka," akasema. "Hau ya goin?"

Nikasema si mbaya. Akanitazama. "Nah," akasema. Hakuweka "yeah" mbele.

Nikamwambia. Hakusema pole, wala kazi ya Mungu haina makosa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, suruali ikalowa, akauliza Bibi alikuwa anapenda nini. Nikasema chai ya mchaichai, na matangazo ya vifo redioni, hakosi hata moja. Akacheka, kisha akashtuka akaomba radhi. Nikajikuta nacheka na mimi, machozi yanatoka.

Ndipo akaniambia ya kwake. Mkewe alifariki mwaka mmoja kabla sijahamia pale. Miaka arobaini ya ndoa yeye Mzee kazi yake ilikuwa kukokota tu, rangi alikuwa anazijua mama. Ratiba ya halmashauri ipo, imebandikwa kwenye friji yake, nimeiona kwa macho yangu. Haisomi.

Siku hizi Alhamisi nikitoka chuo sipitilizi ndani. Nasimama kwenye uzio. Juzi alichelewa kutoka, saa moja ikapita, taa yake haijawaka, nikaanza kupata wasiwasi. Mara mlango ukalia, akatokea na sweta lake.

"Njano au kijani?"

"Kijani, Mzee."

"Una hakika?"

"Yeah, nah," nikamjibu, na tukaenda kuangalia jirani wa tatu katoa lipi.