MKONGE, SIASA NA THAMANI YA SHILINGI

Kwetu Chanika, Handeni, mkulima wa mahindi huhofu hasa jambo moja, nalo ni mvua. Hupanda, na baada ya miezi michache hujua kama amepata au amekosa. Lakini mwenye shamba la mkonge kule Korogwe hungoja kiasi cha miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza. Kwa hiyo hana budi kujiuliza maswali mawili zaidi. La kwanza: miaka hiyo ikipita, je, shamba litakuwa langu bado? La pili: fedha nitakayolipwa itakuwa na thamani gani? Kila mwenye mtaji duniani, awe London au Dar es Salaam, hujiuliza hayo hayo.

Mwaka 1967 maswali yote mawili yalipata jibu. Mwezi wa Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na kabla mwaka haujaisha Serikali ilikuwa imetwaa mashamba mengi ya mkonge, ili uchumi uwe mikononi mwa wananchi. Kisha mwezi wa Novemba Uingereza ilipunguza thamani ya pauni, kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Tanzania haikuifuata. Pauni iliyokuwa Sh. 20 ikawa Sh. 17 na senti 14 hivi.

Na tupige hesabu. Tuseme tani ya katani iliuzwa London kwa pauni 70. Kabla ya Novemba muuzaji alipata Sh. 1,400. Baadaye, kwa bei ile ile, alipata Sh. 1,200, na huku wakataji wake huwalipa kwa shilingi. Basi tusidhani kuwa fedha yenye nguvu ni neema kwa kila mtu. Humfaa anunuaye mashine ng'ambo, humwumiza auzaye mazao ng'ambo.

Si haki kuitupia siasa lawama yote, kwani kamba za plastiki nazo zilishusha bei ya katani. Lakini mtu asiyejua kesho itakuwaje hapandi miche mipya. Hukata iliyopo tu. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata 40,000 kwa mwaka.

Leo wakulima wadogo wa wilaya zetu nao wanapanda mkonge, na nyumbani wazee wanabishana kama ekari mbili za mahindi zigeuzwe. Dola iliyokuwa Sh. 7 na senti 14 mwaka 1967 ilizidi Sh. 2,500 mwaka 2024. Baba asema shilingi ikishuka muuza katani hufaidi. Ni kweli, lakini mbolea na mafuta ya trekta navyo hupanda bei, na mahindi ndiyo chakula chetu. Mimi ningeanza na ekari moja.

Basi, wenzangu, tusikiapo redioni habari za dola au za uchaguzi wa nchi za mbali, tusiseme hayatuhusu. Hufika mpaka Handeni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne